Kabla ujaze laptopu yako na programu za kukraki, soma hii kwanza

Alhamisi moja usiku, saa mbili na kitu, nilikuwa nimeshaanza kuzima mashine pale saiba yangu hapa Kondele, Kisumu, mzee mmoja akaingia na flashi ameibana kwa mkono kaa mtu amebeba dawa ya mtoto. Mazishi ya mke wake ilikuwa Jumamosi huko Seme na programu ya mazishi, kile kijitabu cha ratiba na picha, ilikuwa bado haijatoka. Alikuwa ameshapita saiba mbili, kote wanachomeka flashi, wanaangalia, wanamwambia mzee hii imekufa, faili zimeenda, ni kuiformati tu. Na picha zote za mama watoto walikuwa wamezikusanya kwa hiyo flashi, zingine zilitoka kwa albamu ya zamani, na historia ya maisha yake ilikuwa imeandikwa na kifungua mimba wao aliye Mombasa. Akaniambia tu, "Nyathina, hebu jaribu."

Sikuichomeka kwa mashine ya Windows. Niko na ThinkPad moja ya zamani pale kaunta, inatumia Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na hiyo ndiyo huwa naonja nayo flashi za watu kabla zifike mashine zingine. Kufungua, nikaona shotikati tatu, zina majina ya zile folda alikuwa anatafuta, kila moja ni KB mbili hivi. Sasa picha za mtu maisha yake yote zitatosha aje kwa KB mbili? Alafu kando yake kulikuwa na folda haina jina. Haina kabisa, ni mchoro wa folda na chini yake pako tupu. Nikabonyeza hapo patupu na kila kitu kikatokea, picha, historia, nyimbo, zote. Picha ya kwanza nilifungua ni mama akiwa msichana, amesimama na baiskeli, anacheka. Mzee akavuta kiti akakaa. Hakusema kitu kwa muda mrefu, na mimi pia sikuongea, nikaendelea tu kupanga kurasa. Tulimaliza kuprinti saa sita usiku.

Nimeandika hii posti juu ya huyo mzee, na juu ya wengine wengi wenye wameambiwa flashi imekufa na haijakufa. Hii kitu tunaita virusi vya shotikati, kazi yake ni kuficha folda zako, saa zingine inazisukuma zote ndani ya folda moja yenye jina lake ni nafasi tupu, alafu inaweka shotikati za uongo mahali pake. Wewe ukiona jina unalolijua unabonyeza, na ukibonyeza ndio umeikaribisha ndani ya kompyuta, kutoka hapo kila flashi itakayochomekwa hapo inaambukizwa. Linux haisomi ile alama ya kuficha ya Windows na pia hivyo virusi vimeandikwa vya Windows, kwa hivyo pale kwa ThinkPad vinakaa tu hapo kama karatasi.

Kama huna Linux bado unaweza. Chomeka flashi lakini usibonyeze kitu ndani yake. Angalia tu imepewa herufi gani, tuseme F. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, gonga Enter, kwa ile dirisha nyeusi andika hivi venye ilivyo, nafasi na zote:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Gonga Enter na ungoje, flashi ikiwa imejaa inaweza kukaa dakika kadhaa bila kuonyesha kitu, usiharakishe kuichomoa. Hiyo amri inatoa alama ya kufichwa, ya kutoandikwa na ya mfumo kwa kila faili na kila folda ndani ya flashi. Ikimaliza utaona vitu vyako. Sasa kopi zile unazojua ni zako tu, picha na dokyumenti, na kitu chochote kinaisha na .lnk au .vbs au .js au .exe ambayo hukuiweka wewe, iache hapo hapo. Kama huoni hizo herufi za mwisho fungua folda yoyote, nenda View, uwashe File name extensions, na kusema ukweli hiyo ingefaa kuwa imewashwa kwa kila kompyuta Kenya hii juu faili inaitwa picha.jpg.exe inajifanya picha mbele ya macho yako. Ukishakopi vitu vyako, hapo sasa ndio uformati flashi, na kompyuta yenyewe uiskani na Defender, antivirusi inayokuja na Windows.

Sasa, hivi virusi vinatoka wapi? Vingi tunavileta wenyewe, na najua juu mimi nilishavileta. Mwaka wa 2019 nilikuwa ndio nimeanza, mashine nne, hela yote imeisha kwa viti na printa, nikapewa na rafiki Office ya kukraki kwa flashi, yaani imevunjwa kufuli usilipie. Maagizo yalikuwa yameandikwa vizuri kabisa, na ya kwanza ilisema zima antivirusi. Nikazima. Siku mbili baadaye nafungua asubuhi, kila dokyumenti kwa mashine mbili ina jina refu la ajabu mwisho, haifunguki, na kwa kila folda kuna faili moja mpya inaitwa _readme.txt. Ndani wanasema faili zako zimefungwa, lipa dola 980, ukiwatafuta ndani ya masaa 72 wanakupunguzia hadi 490. Hiyo 980 wakati huo ni karibu laki moja. Kulikuwa na projekti ya msichana wa chuo alikuwa ameniachia nimprintie, na barua za watu, na tempuleti zangu zote. Sikulipa, na sikupata chochote. Yule msichana nilikaa naye siku tatu tukiandika upya kutoka kwa drafti alikuwa amechorachora kwa karatasi, na mpaka leo nikikumbuka uso wake ile asubuhi tumbo linakaza.

Kwa hivyo mtu akiniambia eti programu za bure ni za watu hawana pesa namwambia hapana, nilishalipia ile ya kukraki na najua bei yake.

Kuna bure mbili na watu wanazichanganya. Kuna ile mtu amevunja kufuli ya kitu cha mwenyewe akakupatia, na kuna ile mwenyewe amesema kutoka mwanzo chukua, tumia, fungua uone imetengenezwa aje, badilisha ukitaka, mpe jirani. Hii ya pili Richard Stallman alianza kuipigania Marekani mwaka wa 1983 na mradi wake wa GNU, na 1991 kijana wa chuo huko Helsinki, Linus Torvalds, akaongeza kiini cha Linux. Hapo kwa kumpa jirani ndio mimi hupenda zaidi. Nikikopi LibreOffice, ile ya bure ya kuandika na hesabu kama Office, kwa flashi yako siibi, sivunji sheria, leseni yenyewe inasema nifanye hivyo. Kwa mtu ananunua bando ya siku moja hiyo ni kitu kubwa, juu LibreOffice pekee ni MB mia tatu na kitu, na ukiipata kwa flashi hujatumia hata moja.

Tuanze na hiyo LibreOffice basi, juu ndiyo ninatumia kutwa nzima. Ilitoka kwa OpenOffice mwaka wa 2010, wale waliokuwa wanaitengeneza wakajitoa wakaunda taasisi yao, The Document Foundation. Na tusisahau Kiswahili kilikuwa hapo mapema, 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, wakati wengi wetu hata barua pepe hatukuwa nayo. Iko na Writer ya kuandika, Calc ya hesabu, Impress ya slaidi, Draw ya kuchora.

Malalamiko nasikia kila siku ni mbili. Ya kwanza, nimeandika kwa LibreOffice nikapeleka ofisini wakasema haifunguki. Hiyo ni juu umeiseva kwa mtindo wake wa odt. Nenda Tools, Options, Load/Save, General, hapo chini uchague Text document iwe inasevu kwa mtindo wa Word kila wakati, umemaliza maisha yako yote. Ya pili, mistari inaruka, CV ilikuwa kurasa mbili sasa ni mbili na nusu. Hapo shida ni fonti. LibreOffice inakuja na Carlito yenye upana wa herufi sawasawa na Calibri, na Caladea ya Cambria, kwa hivyo dokyumenti nyingi za zamani zinakaa vile zilikuwa, lakini Word za sasa zinaanza na Aptos na hiyo haina pacha wake, ndio maana inaruka. CV ya kutuma kazi usitume ikiwa Word hata kidogo, tuma PDF. Kuna kitufe chake pale juu, na ukipitia File kisha Export As kuna mahali pa kutiki Hybrid PDF, hiyo inaficha dokyumenti yenyewe ndani ya PDF, mwajiri anaona PDF ya kawaida na wewe ukiifungua tena kwa LibreOffice unaendelea kuandika. Nimeonyesha hii kitu watu wengi na kila mmoja anauliza mbona hakuna mtu aliwahi kuniambia.

Alafu kuna hii ya programu za mazishi, na hapa naongea na wenzangu wa saiba kutoka Busia mpaka Nakuru. Wengi wetu tempuleti zetu ziko kwa Publisher, ile ya Microsoft ya kupanga kurasa. Microsoft wameshatangaza Publisher inafika mwisho Oktoba 2026, na wale wako na Microsoft 365 hawataweza kuifungulia tena hizo faili. Miaka yote ya kazi yako iko ndani ya faili za pub! LibreOffice Draw inazifungua, tangu toleo la 4.0 la mwaka 2013. Haiwezi kuseva tena kwa pub, na saa zingine picha inasogea au fonti inabadilika, lakini maneno na picha unazipata. Mimi nilikaa wikendi mbili nikafungua zangu moja moja, nikazipanga upya kwa Writer, kurasa za A5. Wakati wa kuprinti kuna kitu hapo kwa Page Layout inaitwa Brochure, ukiichagua inajipangia yenyewe, ukurasa wa 8 unakaa na wa 1, wa 2 na wa 7, yaani programu ya kurasa nane inatoka kwa karatasi mbili za A4, unakunja katikati unapiga stepo. Zamani nilikuwa napanga hiyo na kichwa na kila mara nakosea, unaharibu karatasi ishirini ndio ujue ukurasa wa tano uko juu chini. Ya yule mzee ilitoka hivyo, nakala 200, hakuna hata moja ilikunjwa vibaya.

Kitu kingine, Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi tunanunua hapa mjini zile za mtumba kutoka ng'ambo haziwezi kupanda Windows 11, inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0 na prosesa ambazo si za zamani sana. Watu wanaambiwa nunua mpya. Na hiyo laptopu haina shida yoyote, ni betri tu imechoka. Weka Linux Mint. Unahitaji flashi ya 8GB, unadaunilodi faili ya Mint karibu GB tatu, unaiandika kwa flashi na programu ndogo inaitwa Rufus, unawasha laptopu kupitia flashi. Na hapa ndio pazuri, inawaka kutoka kwa flashi bila kugusa kitu ndani ya laptopu, unajaribu WiFi, unajaribu sauti, unajaribu printa yako, ukipenda ndio unaiweka, usipopenda unachomoa unarudi kwa Windows yako venye ilikuwa. Kabla uiweke kabisa kopi vitu vyako kando, tafadhali, juu ukikosea kuchagua diski inafuta kila kitu. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, ile ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini iliyotoka 2004, na hilo jina ubuntu ni ndugu wa utu wetu, maana ni ile ile, na mimi hufurahi nikimweleza hivyo mwanafunzi amekuja akidhani Linux ni kitu ya mahaka peke yao.

Sitakudanganya kwamba inafanya kila kitu. Fomu za Excel zenye makro ndani zinasumbua kwa LibreOffice, kuna printa zingine zinakataa, na kama kazi yako ni Photoshop ya kulipwa utapata GIMP, ya bure ya picha, lakini itabidi ujifunze upya mahali vitu viko. Ndio maana hapa niko na mashine moja ya Windows 11 na Office nililipia, ya hizo kazi, na zingine zote ni Mint.

Wale wako na Windows na mnatumia hotspoti ya simu, hii ni ya leo leo. Umenunua bando ya GB moja, unawasha laptopu usome barua pepe tu, dakika kumi bando imeisha na hujafungua hata video. Ni Windows inajiapdeti kimya kimya kule nyuma. Unganisha hotspoti, nenda Settings, Network and internet, ufungue jina la huo mtandao wako, washa Metered connection. Hapo Windows inajua hii ni data ya kununua, inaacha kudaunilodi vitu vikubwa hovyo. Alafu apdeti usiache kabisa, ukifika mahali pana WiFi ifanye, ni muhimu.

Kwa brauza weka Firefox na ndani yake uBlock Origin, kizuia matangazo, matangazo yanaisha na data inapungua pia. Kwa simu ya Android inafanya kazi vile vile, Firefox ya simu inaikubali. Kwa Chrome ile uBlock Origin kamili walishaitoa. Na si kuona vizuri tu, juu ile vitufe vya kijani vya uongo vimeandikwa Download, ndio watu hubonyeza wakiwa wanatafuta programu halali wanapata takataka. Kila programu ichukue kwa tovuti ya wenyewe. VLC kwa videolan.org, LibreOffice kwa libreoffice.org, 7-Zip kwa 7-zip.org.

VLC ya kuchezesha video nadhani wengi mko nayo, ile ya koni ya barabarani. Ilianza na wanafunzi wa chuo kimoja Paris mwaka wa 1996, na anayeiongoza, Jean-Baptiste Kempf, ameshasema alikataa mamilioni ya euro ya watu waliotaka kuweka matangazo ndani. 7-Zip ya kufungua zip na rar ni ya Igor Pavlov tangu 1999, hakuna haja ya kukraki WinRAR. Watu huniuliza sasa hao wanakula nini? Wengine ni michango, wengine wameajiriwa na kampuni zinazotumia hizo programu, wengine wanafanya tu jioni baada ya kazi. Mimi huchangia kidogo LibreOffice mara moja kwa mwaka, si lazima, lakini naona ni haki.

Paswodi. Kila wiki mtu anakuja amesahau ya eCitizen, au ya HELB, au anaitoa kwa karatasi amekunja nyuma ya kitambulisho. KeePassXC inaweka zote kwa faili moja imefungwa na paswodi moja kubwa, faili unaibeba mwenyewe, haiendi popote. Na ukiwa saiba yoyote, hata yangu, fungua dirisha la faragha, Ctrl na Shift na P kwa Firefox, ukimaliza unafunga na akaunti yako haibaki hapo kwa mtu anakaa baada yako.

Na ukifuta picha kwa bahati mbaya kwa memori kadi ya simu au kamera, toa kadi saa hiyo hiyo, usipige hata picha moja ingine. Faili ikifutwa bado iko pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. PhotoRec ya Christophe Grenier inazitafuta moja moja. Haina sura nzuri, ni dirisha jeusi tu na mishale, lakini nimerudishia mama mmoja wa Nyalenda picha za graduesheni ya mtoto wake na hiyo. Zilizorudi majina yake yalikuwa yamepotea, ni namba tu, tukakaa tukizipanga kwa macho.

Yule mzee alirudi Jumatano iliyofuata kuchukua flashi yake. Nilikuwa nimeisafisha, nikarudisha kila kitu kwa folda zenye majina, na nikakopi pia kwa flashi ya pili niliyomwambia aweke nyumbani, mbali na ile ya kwanza. Akaniletea ndizi.

Kama uko hapa Kisumu au unapita ukienda Kakamega au Siaya, kuja na flashi ya 8GB haina kitu ndani, nakuwekea Mint, na ukiwa na ingine ndogo nakuwekea LibreOffice, VLC, 7-Zip na KeePassXC, silipishi hiyo. Jumatatu na Jumanne ndio siku nzuri, Alhamisi na Ijumaa naprinti za mazishi siwezi kaa na wewe vizuri.